Mama wa miaka 76 ameanguka mara mbili mwezi huu: tuanzie wapi?

BintiMakorora

Wanajamvi habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Mama yetu ana miaka 76, yupo Tanga, akili zake timamu na anapika mwenyewe. Mwezi huu ameanguka mara mbili: kwanza alfajiri akitoka kitandani, halafu chooni wakati wa kunyanyuka. Hakuvunjika, ni michubuko tu. Choo ni cha kuchuchumaa, sakafu ya niru (simenti iliyosuguliwa ikawa laini), na mlangoni kuna kizingiti cha kama sentimita 10. Dawa zake ni amlodipine miligramu 10 na hydrochlorothiazide miligramu 25 asubuhi kwa ajili ya presha, amitriptyline miligramu 25 usiku kwa miguu kuwaka moto, na piriton (dawa ya mzio) siku akikosa usingizi. Kliniki presha yake inasomeka vizuri, mara ya mwisho 138 kwa 80.

Kaka zangu wanasema huo ni uzee, asitembee tena peke yake, mjukuu awe anamletea kila kitu hapo alipokaa. Moyo wangu unakataa. Wenye ujuzi naomba mnieleze: tuanze na nini, na je, mkongojo utatosha?

MuuguziKliniki

Marahaba mdogo wangu. Umri peke yake hauangushi mtu. Kuna kinachomwangusha, na mara nyingi ni vitu vitatu au vinne vilivyokutana siku moja. Mimi nitasema juu ya presha na dawa, wengine watakuja na miguu na choo.

Hiyo 138 kwa 80 ilipimwa akiwa amekaa. Kwa mtu anayeanguka akinyanyuka, kipimo cha kukaa hakitoshi. Pimeni hivi nyumbani, asubuhi kabla hajatoka kitandani: alale chali dakika 5 bila kuzungumza, mpime. Asimame, mtu akiwa karibu yake, mpime ikitimia dakika 1, halafu tena dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikashuka kwa 10 au zaidi, hiyo ndiyo presha inayoporomoka mtu akisimama. Kwa mfano, amelala ni 150 kwa 85, akisimama inakuwa 122 kwa 76: imeshuka 28, hapo jibu mnalo. Rudieni asubuhi 3, na siku mojawapo mpime pia saa 2 baada ya kumeza dawa. Andikeni kila namba na saa yake. Akiona giza au miguu ikilegea kabla ya dakika 3, akae mara moja, msimlazimishe amalize kipimo.

Makosa ninayoyaona sana kwenye mashine za nyumbani: mkanda kufungwa juu ya nguo, mkanda mwembamba kwa mkono mnene (namba inapanda kwa uongo), na mkono kuning'inia wakati amesimama. Mkono ushikiliwe usawa wa moyo, la sivyo namba inapanda na mtakosa kuona kushuka kwenyewe.

Sasa dawa. Hydrochlorothiazide inamkojoza na kumpunguzia maji na chumvi mwilini. Amlodipine inalegeza mishipa. Amitriptyline nayo inashusha presha mtu akisimama, inaleta usingizi mzito, kinywa kikavu na choo kigumu. Piriton juu yake inaongeza usingizi uleule na inaweza hata kumchanganya mzee akili. Mtu aliyemeza hizo usiku, akaamka saa 10 alfajiri kibofu kimejaa, anasimama ghafla gizani: mwili haujapata muda wa kupandisha presha, anadondoka.

Piriton ya usingizi iacheni leo, haikuandikwa na daktari na si dawa ya usingizi ya mzee. Hizo nyingine msiache wala kupunguza wenyewe. Dawa ya presha ikikatwa ghafla presha inaweza kupaa, na kupooza ni kubaya kuliko michubuko. Amitriptyline nayo hupunguzwa taratibu. Nendeni kwa daktari na pakiti zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba na za maumivu, na lile karatasi la vipimo. Ombeni aangaliwe wingi wa damu, sukari, na chumvi za damu, hasa sodiamu na potasiamu, maana hiyo dawa ya kukojoza inaweza kuzishusha, na sodiamu ikishuka mzee anayumba na kuchanganyikiwa. Mkojo upimwe pia. Kwa wazee, maambukizi ya mkojo au mapafu yanaweza kuanza na kuanguka kabla hata homa haijaonekana, kwa hiyo anguko la ghafla kwa mtu ambaye hakuwa akianguka lisiachwe bila kutafutwa chanzo. Na mwulizeni daktari sababu ya miguu kuwaka moto, kwa sababu mguu usiohisi sakafu vizuri nao unaangusha.

Wakati mnasubiri miadi: akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika 2, apige visigino na vidole juu-chini mara 20, akunje na kukunjua ngumi, ndipo asimame akiwa ameshika kitu, ahesabu mpaka 20, kisha aende. Kama hana shida ya moyo au figo iliyomfanya apangiwe kiasi cha maji, anywe glasi 2 za maji kabla ya kutoka kitandani, zinasaidia kuinua presha. Wamama wengi hujinyima maji mchana ili wasiamke usiku. Matokeo yake ni kizunguzungu asubuhi. Maji anywe kwa wingi mchana, apunguze saa 2 kabla ya kulala. Na mlo mmoja mkubwa wa ugali au wali mchana unaweza kushusha presha ndani ya saa 2 baada ya kula, kwa hiyo bora ale kidogo mara nyingi.

MzeeChumbageni

Binti, mpe mama supu ya kongoro kila siku na vidonge vya kalsiamu, mifupa ikaze. Kuanguka kwa wazee ni mifupa imeisha nguvu.

FisioMiguu

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima yote, mifupa dhaifu haimwangushi mtu, inamfanya avunjike akishaanguka. Kinachomshikilia asianguke ni misuli ya mapaja na makalio, na vifundo vya miguu vinavyorekebisha mwili unapoyumba. Supu ya kongoro nayo haina kalsiamu nyingi, kwa sababu kalsiamu inabaki ndani ya mfupa. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa na mtindi ndivyo vina kalsiamu ya kweli.

Dada BintiMakorora, mpime mama vitu viwili kwanza. Kiti kigumu chenye urefu wa sentimita 43 hivi, mgongo wa kiti ukiegemea ukuta. Mikono aikunje kifuani, asimame wima na kukaa, mhesabu mara ngapi kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 75 hadi 79 akipata chini ya 10, miguu imedhoofika. Akilazimika kutumia mikono, andikeni sifuri. Pili, wekeni alama mita 3 mbele ya kiti: asimame, atembee kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba yuko hatarini. Rudieni baada ya wiki 8, ndivyo mtakavyojua kama mnasonga mbele.

Mazoezi ninayopendekeza yanafuata misingi ya mpango wa Otago uliobuniwa New Zealand kwa ajili ya wazee wanaoishi majumbani: nguvu na kusimama imara mara 3 kwa wiki, kutembea mara 2. Hauhitaji jimu.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni kunyanyuka kwenye kiti. Aanze mara 5, apumzike dakika 1, mara 5 tena. Kushuka ndiko kunakojenga nguvu, kwa hiyo akae taratibu kwa hesabu ya 3, asijitupe. Magoti yakiuma au akishindwa bila mikono, wekeni mto mgumu au blanketi lililokunjwa juu ya kiti, mpunguze unene wiki hadi wiki. Akifika 10 mara mbili bila taabu, ongezeni zamu ya tatu. Msitumie kiti cha plastiki: kinapinda na kuteleza juu ya niru.

La pili, akiwa amekaa, anyooshe goti polepole mpaka mguu ulale sawa, ashikilie kwa hesabu ya 3, ashushe. Mara 10 kila mguu. Ikizoeleka, shoneni mfuko mdogo wa kitambaa, muujaze mchanga nusu kilo, muufunge kwenye kifundo cha mguu. Baadaye kilo 1. La tatu, akishika meza nzito, anyanyue visigino mara 10, kisha vidole mara 10. La nne, akishika meza hiyohiyo, apeleke mguu pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, mara 10 kila upande.

Mwisho, kusimama: nyayo pamoja sekunde 10. Akiweza, mguu mmoja uwe nusu mbele ya mwingine. Akiweza, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Asimame kwenye kona ya chumba, kuta mbili nyuma yake na kiti mbele, ili akiyumba awe na pa kushika. Akifika sekunde 10 bila kuyumba, apunguze mikono: kutoka viganja viwili hadi kimoja, hadi kidole. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Zoezi la kusimama lisiloyumbisha hata kidogo halifundishi mwili kitu, lakini la kuyumbisha lisilo na pa kushika litamwangusha.

Mengine yanayoharibu kazi: kuzuia pumzi wakati wa kunyanyuka (ahesabu kwa sauti, hawezi kuhesabu na kuzuia pumzi pamoja), kubaki na idadi ileile miezi 6, na kumwambia "tembea tembea tu". Kutembea ni kuzuri kwa moyo na presha, ila peke yake hakumzuii mtu aliyedhoofika kuanguka, na akikimbizwa kabla miguu haijapata nguvu ndiyo anaanguka zaidi. Asimamishe zoezi kifua kikibana, akikosa pumzi au akipata kizunguzungu.

Chakula kiende na mazoezi. Mtu mzima wa umri huo anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa kama ana ugonjwa wa figo, hapo daktari aamue. Mama wa kilo 55 ni gramu 55 hadi 66. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 ni 20 na zaidi. Chai ya rangi na mkate asubuhi vina protini kidogo sana, na ndicho kifungua kinywa cha bibi zetu wengi.

Kuhusu kaka zako. Mzee akikalishwa, misuli inapungua ndani ya wiki chache tu, na siku mjukuu akiwa shule atanyanyuka mwenyewe akiwa dhaifu kuliko leo. Mwacheni apike, ila mpunguzieni kubeba ndoo ya maji na kupanda juu ya kigoda.

Mkongojo haumalizi tatizo, lakini unasaidia ukiwa wa kipimo chake. Avae viatu vyake, asimame mikono ikining'inia: mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akiushika kiwiko kipinde kidogo. Mrefu mno unainua bega, mfupi mno unamwinamisha mbele. Ushikwe mkono ulio kinyume na mguu mbovu, na uende mbele pamoja na mguu huo mbovu. Kwenye ngazi: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, mkongojo na mguu mbovu kwanza. Kofia ya raba ya chini ikiisha meno, badilisheni.

FundiChomelea

Naongezea ya chooni maana huko ndiko nyumba nyingi zinapokosea.

Mshikio: tumieni bomba la chuma la GI (lile la maji lisiloshika kutu upesi) la inchi 1. Nje lina kipenyo cha milimita 33, kiganja cha mama kinalizunguka. La inchi 1 na robo linafika milimita 42, vidole vyake havitafunga. Kati ya bomba na ukuta iachwe nafasi ya milimita 38 hadi 40: ikiwa kubwa, mkono unaweza kuteleza na kunasa hapo. Bomba la plastiki hapana, wala kile chuma cha kutundikia taulo.

Ukuta ndio mtihani. Bloku zenye matundu hazishiki fisha, vile vipande vya plastiki vya kushikia skrubu. Siku ya kwanza utaona pamekaza, mwezi wa pili panatoka na plasta yote. Toboeni ukuta hadi nje, pitisheni bolti ya milimita 10, na upande wa nje wekeni bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 kabla ya nati. Ukuta wa udongo msiutegemee kabisa: simikeni nguzo ya bomba, chini iende sentimita 60 na imwagiwe zege. Kazi ikiisha, mwanaume mzito auning'inie mshikio huo kwa uzito wote. Ukicheza hata kidogo, rudieni.

Wekeni miwili: mmoja wa kulala, usawa wa nyonga yake, kutoka mlangoni hadi tunduni. Mwingine wa kusimama wima, mbele kidogo ya anapochuchumaa, uanze sentimita 60 kutoka chini hadi 150, ili mkono upande hatua kwa hatua wakati wa kunyanyuka.

Lakini mimi ningemtengenezea kiti cha choo kabisa. Fremu ya bomba la mraba la inchi 1, urefu sawa na kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake akiwa amevaa viatu, kwa kawaida sentimita 43 hadi 46. Miguu ya kiti itanuke chini, izidi kalio la kiti kwa sentimita 5 kila upande, vinginevyo akiegemea mkono mmoja kinabinuka. Mikono ya kiti iwe sentimita 20 juu ya kalio. Chini ya tundu fungeni kipande cha bomba la plastiki la inchi 6 kielekeze kila kitu shimoni, sakafu ibaki kavu. Kila mguu uwe na raba. Vyuma vipakwe rangi ya kuzuia kutu, kwa hewa ya Tanga havikai mwaka bila hiyo.

Niru ikilowa ni kama barafu, hasa penye sabuni. Ikwangueni kwa tindo, mmwage sakafu mpya nyembamba ya mchanga na simenti, na kabla haijakauka ipigwe fagio ibaki na mistari. Iinamie shimo la maji kwa sentimita 2 kila mita. Kizingiti, kama hakizuii maji, kiondoeni. Kama kinazuia, kipakeni rangi ya njano ukingoni. Mkiweka mteremko wa kukivuka, kimo cha sentimita 10 kinahitaji urefu wa sentimita 120, mfupi kuliko huo utamtelezesha.

Taa: ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita, moja chumbani, moja njiani, moja chooni. Umeme unakatika usiku uleule anaouhitaji.

BintiMakorora

Mungu awabariki wote. Kaka yangu nimempa asome hapa na fundi anakuja kesho kupima. Maswali mawili ya mwisho: mama anafunga Ramadhani na swala haziachi, nifanyeje? Na akianguka akiwa peke yake afanye nini?

MuuguziKliniki

Swala: akisujudu na kuinuka presha inashuka vilevile. Aswali kwenye kiti, dini imetoa nafasi hiyo kwa mwenye udhuru. Udhu achukulie akiwa amekaa, na sehemu hiyo ifutwe kabla hajasimama. Funga: kabla ya mwezi kuingia aonane na daktari, kwa sababu dawa ya kukojoza na kukaa bila maji kutwa nzima kwenye joto la pwani ni hatari kwa mtu ambaye tayari presha inashuka. Daktari akishasema hapana, shehe wenu atamweleza fidia, na mwenye kumshawishi mama vizuri ni shehe kuliko wewe.

Akianguka: kwanza atulie dakika nzima, ajipime maumivu. Kama hakuna maumivu makali, ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko na kiganja, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti kigumu au kitanda. Aweke viganja viwili juu yake, mguu wenye nguvu utangulie nyayo chini, ajisukume, ageuke akae. Asisimame tena kwa dakika kadhaa. Mfanyisheni mazoezi ya hilo sasa, juu ya godoro, na mtu pembeni. Simu ndogo ikae kwenye mfuko wa kiunoni, isikae mezani, na namba zenu ziwe za kubonyeza kitufe kimoja.

Asipoweza kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, chukulieni nyonga imevunjika. Asichuliwe, asivutwe, asilazimishwe kusimama. Mwacheni alale, mfunikeni, tafuteni gari la kumbeba akiwa amelala. Nyonga iliyovunjika inatakiwa kufanyiwa upasuaji mapema, ndani ya siku 2 ikiwezekana. Wiki 2 za kuchuliwa nyumbani zinaleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni, na hivyo ndivyo vinavyoua.

Akigonga kichwa aende hospitali, hata kama anaongea vizuri, na hasa akiwa anatumia warfarin au aspirini, dawa zinazofanya damu isigande haraka. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu. Kwa hiyo hata wiki 3 au 4 baadaye, akianza kuumwa kichwa, kusinzia mchana, kusahau vitu kuliko kawaida au upande mmoja kulegea, mkumbusheni daktari lile anguko. Nyie mtakuwa mmeshalisahau.

FisioMiguu

Viatu tumesahau. Kandambili zinamlazimu akunje vidole ili zisimtoke, na hapo hawezi kunyanyua unyayo vizuri. Apate kiatu chepesi cha kufunga kisigino, soli nyembamba, pana, yenye meno, avae hata ndani. Soksi peke yake juu ya niru, hapana. Dera liishie juu ya kifundo cha mguu, lipigwe pindo.

Na macho yaangaliwe, kama hayajaangaliwa mwaka huu. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, bila kulazwa kwa wengi. Miwani yenye sehemu mbili, ya kusomea chini na ya mbali juu, abadilishe na kuvaa ya mbali tu anaposhuka ngazi, kwa sababu akitazama miguu yake anapita kwenye kioo cha kusomea na ngazi inaonekana ukungu.

BintiMakorora

Tumepima leo asubuhi. Amelala 148 kwa 84, dakika 1 amesimama 119 kwa 74, dakika 3 121 kwa 75. Kiti sekunde 30: mara 6. Tunarudia kesho na keshokutwa, Jumatatu daktari.